Nani anaua vyura? Joto, ukame na maradhi ya ngozi vyashtakiwa pamoja

MTU akifia hospitalini, daktari hutakiwa kujaza fomu yenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza huandika ugonjwa uliomuua marehemu moja kwa moja, tuseme nimonia. Katika sehemu ya pili huandika mambo mengine yaliyochangia: kisukari, utapiamlo, ulevi wa miaka mingi. Jamaa za marehemu mara nyingi husoma sehemu ya kwanza tu, wakadhani wamepata jibu lote. Lakini daktari anajua kwamba nimonia iyo hiyo humpata kijana mwenye afya akalazwa siku tatu na kurudi kazini, kisha ikampata mzee mwenye kisukari ikamzika.

Kuna kifo kimoja ambacho wanasayansi wamebishana juu ya fomu yake kwa zaidi ya miaka 30. Anayekufa si binadamu. Ni chura.

Bila shaka kuna msomaji atakayeuliza chura anatafuta nini katika kurasa za afya. Wengi wetu tulilelewa tukikatazwa kumshika tusije tukaota chunjua. (Si kweli. Chunjua huletwa na virusi ambavyo binadamu huambukizwa na binadamu mwenzake.) Watu wa mjini humkumbuka tu mvua inaponyesha usiku, kelele zake zikawanyima usingizi. Hata hivyo, kuna nchi mbili ambazo vyura wao walikufa kwa wingi, na baadaye idadi ya watu waliougua malaria ikapanda. Habari hiyo itafuata. Kwanza ni lazima tujue vyura hao walikufaje.

Hali yenyewe ni hii. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa aina zaidi ya 8,000 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao wanaoishi majini na nchi kavu. Asilimia 41 ya aina hizo zimo hatarini kutoweka. Kwa ndege ni asilimia 13 hivi. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililopimwa kwa ukamilifu namna hiyo ambalo liko katika hali mbaya kuliko hili.

Chura wa dhahabu

Kisa kinachosimuliwa zaidi kinatoka Monteverde, nchini Costa Rica, Amerika ya Kati. Huko kuna msitu ulio juu ya milima, na miti yake hufunikwa na ukungu karibu mwaka mzima. Katika msitu huo aliishi chura ambaye hakupata kuonekana kwingine popote duniani. Dume lake lilikuwa na rangi ya machungwa iliyong'aa mno, kana kwamba limechovywa ndani ya mkebe wa rangi ya kupaka nyumba. Mwanasayansi Mmarekani, Jay Savage, ndiye aliyemtangaza rasmi mwaka 1966. Watu walimwita chura wa dhahabu.

Chura huyo hakuonekana ovyo. Sehemu kubwa ya mwaka alijificha chini ya ardhi, akatoka kwa majuma machache mvua zilipoanza ili azaliane katika vidimbwi vidogo vilivyo kati ya mizizi ya miti. Mwaka 1987 mtafiti Martha Crump alikuwa huko akihesabu. Msimu huo walionekana zaidi ya 1,500. Lakini mvua zilikuwa haba na vidimbwi vikakauka. Katika vidimbwi alivyochunguza Crump kulikuwa na mayai yapatayo 43,500. Viluwiluwi waliofikisha zaidi ya juma moja walikuwa 29.

Mwaka 1988, mahali pale pale palipojaa vyura mwaka uliotangulia, alionekana dume mmoja tu. Mwaka 1989 alionekana mmoja, tarehe 15 Mei. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona tena, na mnamo 2004 ikatangazwa rasmi kwamba ametoweka duniani. Wala hakwenda peke yake. Kati ya aina 50 za vyura zilizojulikana katika eneo hilo, 20 zilitoweka karibu wakati mmoja.

Kilichowakanganya wataalamu ni kwamba msitu ule ulikuwa umehifadhiwa. Hakuna aliyekata miti, hakuna kiwanda kilichomwaga uchafu mtoni. Mwaka huo wa 1989 wataalamu wa wanyama hawa walikutana Canterbury, Uingereza, kwa kongamano lao la kwanza la dunia, na nje ya kumbi za mikutano wakawa wanasimuliana mambo yale yale kutoka Australia, Marekani na Amerika ya Kati. Vyura wa mlimani hawaonekani.

Maradhi ya ngozi

Mwaka 1998 mshukiwa wa kwanza alikamatwa. Wataalamu waliochunguza ngozi za vyura waliokufa Australia na Panama waliona ndani yake kuvu ambayo haikuwa imejulikana. Mwaka uliofuata ikapewa jina la kisayansi, Batrachochytrium dendrobatidis. Jina hilo linachosha ulimi, kwa hivyo hapa tutaliita kitridi.

Kuvu za ngozi si ngeni kwetu. Mtoto wa shule hupata choa kichwani, yale mashilingi. Mtu mzima anayeshinda na viatu vya mpira hupata kuvu kati ya vidole vya miguu. Mambo hayo huwasha na kuaibisha lakini hayaui. Kwa nini basi kuvu ya ngozi imuue chura?

Ni kwa sababu ngozi yake ina kazi nyingi kuliko yetu. Chura hanywi maji kwa mdomo, huyanywa kwa ngozi. Sehemu ya hewa anayopumua hupitia humo humo. Tena chumvichumvi za mwili, hasa sodiamu na potasiamu, huingia na kutoka kupitia ngozi hiyo kwa kipimo maalum. Ni kana kwamba sehemu ya kazi ya figo na ya mapafu imetandazwa nje ya mwili, bila kifuniko.

Mbegu za kitridi zina mkia, na huogelea majini hadi zimfikie chura. Kisha hujichimbia katika keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zetu ziwe ngumu. Kiluwiluwi ana keratini mdomoni tu, kwa hivyo anaweza kuambukizwa na akaendelea kuishi. Anapoota miguu na kuwa chura, ngozi yake yote inapata keratini, na hapo maradhi yanaenea mwili mzima. Mtu anayepita kando ya kidimbwi akaona viluwiluwi tele atasema mambo ni shwari, kumbe wote hao watakufa wakishakomaa.

Mwaka 2009 mtafiti Jamie Voyles na wenzake, waliofanya kazi Australia, walionyesha namna kifo chenyewe kinavyokuja. Katika damu ya vyura wagonjwa sodiamu ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 20 na potasiamu kwa takriban nusu. Mwishowe moyo ulisimama. Daktari yeyote aliyepokea mtoto aliyeharisha kwa siku tatu bila kupewa chochote anaijua hali hiyo: misuli imelegea, tumbo limejaa hewa, moyo unapiga ovyo kwa kukosa potasiamu. Watafiti hao wakawanywesha baadhi ya vyura mchanganyiko wa chumvichumvi, jambo lisilo mbali na ile ORS tunayowapa akina mama katika zahanati. Vyura walipata nguvu ya kugeuka walipolazwa chali, na wakaishi kwa zaidi ya saa 20 kuliko wenzao. Hawakupona, maana kuvu ilikuwa bado ngozini. Lakini ilithibitika kwamba waliuawa na upungufu huo wa chumvi.

Hesabu ya madhara ya kitridi ilitolewa mwaka 2019. Aina 501 za amfibia zilikuwa zimepungua kwa sababu yake, na kati yake 90 zilidhaniwa kutoweka kabisa. Katika kumbukumbu za sayansi hakuna ugonjwa mwingine uliowahi kuangamiza aina nyingi kiasi hicho.

Joto ni dawa au sumu?

Sehemu ya kwanza ya fomu basi imejazwa. Ubishi uko katika sehemu ya pili.

Kitridi hupenda mahali penye ubaridi wa wastani, kati ya nyuzi 17 na 25 za Selsiasi. Joto likipita 28 huacha kukua, na likizidi 30 kwa muda hufa. (Wale wenye wasiwasi watulie. Kuvu hii si maradhi ya binadamu, na mwili wetu wenye nyuzi 37 ni tanuri kwake.) Mtu angetarajia kwamba dunia ikiongezeka joto, vyura watapona. Na kweli joto laweza kuwa dawa. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walieleza jinsi walivyopanga matofali yenye matundu ndani ya vijumba vinavyonasa jua. Vyura wagonjwa waliingia wenyewe katika matundu hayo ya moto, maradhi yakapungua yakaisha, na waliopona wakawa na kinga walipoambukizwa tena. Nilifurahi kusoma habari hiyo. Ni tiba isiyohitaji hata umeme.

Lakini mlimani mambo si rahisi kama ndani ya matofali. Mwaka 2006 Alan Pounds na wenzake, ambao walikuwa wamefuatilia hali ya hewa ya Monteverde kwa miaka mingi, walitoa hoja kwamba ongezeko la joto duniani limezidisha mawingu huko. Mawingu hupunguza ukali wa jua mchana na huzuia baridi usiku. Matokeo yake ni kwamba usiku na mchana vyote viwili husogea karibu na kipimo kile ambacho kuvu inakipenda. Walitoa mfano wa jamii ya vyura wa Amerika iitwayo Atelopus, yenye aina zipatazo 110. Theluthi mbili zilikuwa zimetoweka, nyingi katika mwaka uliofuata mwaka wa joto kali.

Karen Lips na wenzake hawakukubali. Mwaka 2008 walionyesha kwamba vifo vya vyura katika Amerika ya Kati na Kusini vilisonga kama wimbi, bonde hadi bonde, mwaka hadi mwaka, jinsi ugonjwa mgeni unavyosonga miongoni mwa watu wasio na kinga. Wimbi kama hilo, walisema, halihitaji kusukumwa na joto. Mwaka 2010 watafiti wengine walipima miti ya Monteverde na kusema ukame wa 1986 na 1987 uliletwa na El Nino, wala haukuwa sehemu ya mabadiliko ya muda mrefu. Na mwaka 2011, vyura waliohifadhiwa kwenye makumbusho walipopimwa, kitridi kilionekana kuwa kilifika Monteverde wakati ule ule wa maangamizi.

Mimi nimeusoma ubishi huu kwa jicho la daktari, na naona pande zote mbili zinaeleza mgonjwa mmoja. Ugonjwa mgeni ulifika. Ulimkuta mgonjwa ambaye vidimbwi vyake vilikuwa vimekauka. Ikiwa ukame ule uliletwa na El Nino au na kitu kingine, hilo ni swali la haki, lakini halibadilishi kwamba alikufa akiwa na matatizo mawili.

Isitoshe, tunajua njia kadhaa ambazo hali ya hewa huingilia maradhi haya. Joto la mwili wa chura hufuata joto la mahali alipo, na kinga yake ya mwili hupanda na kushuka pamoja nalo. Hali ikibadilika ghafla, kinga huchelewa kujirekebisha, ilhali kuvu, kwa kuwa ni kiumbe kidogo mno, huzoea upesi. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vyura waliozoea nchi za baridi huathirika zaidi nyakati za joto lisilo la kawaida, na waliozoea joto huathirika zaidi nyakati za baridi. Kinachomdhuru basi ni kuondolewa katika hali aliyoizoea, iwe ni kwa kupanda au kwa kushuka.

Kisha kuna msongamano. Maji yanapopungua, vyura wa bonde zima hukusanyika kwenye dimbwi moja lililobaki. Mwalimu yeyote wa shule ya bweni aliyeshuhudia tetekuwanga ikiingia katika bweni la wanafunzi 80 ataelewa bila kuelezwa zaidi.

Na hali ya hewa yenyewe huua pasipo msaada wa kuvu, kama mayai yale ya mwaka 1987. Uchunguzi wa 2023 unasema kati ya 1980 na 2004 waliohusika zaidi na kudidimia kwa amfibia ni maradhi na uharibifu wa makao yao. Tangu 2004 mabadiliko ya hali ya hewa yametajwa kuwa sababu kuu kwa asilimia 39 ya aina ambazo hali yao imezidi kuwa mbaya, na uharibifu wa makao kwa asilimia 37.

Kisa cha jirani

Tanzania nayo ina kisa chake. Katika milima ya Udzungwa kuna korongo la Kihansi, ambako maporomoko ya maji yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana. Mwaka 1996 watafiti waligundua hapo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika hata urefu wa kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Makao yake yote yalikuwa takriban hekta mbili za majani yaliyolowa. Hakuna kwingine duniani alikopatikana.

Wakati huo tayari bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu ya korongo. Lilipoanza kazi, sehemu kubwa mno ya maji iligeuzwa njia na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, na kule korongoni mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa kuiga maporomoko. Dawa hiyo ilielekea kufaulu. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wamekwisha. Kitridi kilipatikana kwenye maiti zao.

Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Wale waliopelekwa Marekani ndio waliookoa kizazi. Baadhi ya wazao wao walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010 kutunzwa katika Chuo Kikuu, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiliwa tena korongoni.

Hapa aliyeondoa ukungu ni mwanadamu na bwawa lake, si ongezeko la joto. Lakini kwa chura ni mamoja. Kihansi inatuonyesha kwa muda wa miaka minne yale ambayo yangechukua miaka 40 mahali ambapo ukungu unapungua polepole. Inatuonyesha pia kwamba kumrudishia mgonjwa maji peke yake hakutoshi ikiwa maradhi yako njiani.

Na hapa Kenya? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipata kitridi kwa vyura wa sehemu nyingi za nchi. La kushangaza ni kwamba vyura hao hawakuonekana wakiugua. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, uliopima pia vyura wa zamani waliohifadhiwa makumbusho, ulionyesha kwamba kuvu hiyo ilikuwa haba barani Afrika kwa zaidi ya karne moja, kisha ikaongezeka kwa kasi tangu mwaka 2000.

Sisi madaktari tunamjua mtu wa namna hiyo. Kuna anayebeba vijidudu vya homa ya matumbo kwa miaka bila kuumwa hata tumbo, mpaka siku anapoajiriwa jikoni. Kubeba si kuugua, lakini si salama. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana kaskazini na mashariki mwa nchi kwa misimu mitano mfululizo. Mwaka 2024 mafuriko yakafuata. Kiumbe anayebeba kuvu bila kuugua hana haja ya kupimwa na hali ya hewa ya namna hiyo.

Tuna hasara kubwa inayoweza kutupata. Katika vilima vya Taita kuna amfibia asiye na miguu, ambaye mtu akimfukua shambani atadhani ni nyungunyungu mkubwa. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza jinsi mama yake anavyolea: ngozi yake hunenepa kwa mafuta, na watoto humbandua na kuila, wakakua kwa chakula hicho. Jirani yake wa kilima cha Sagalla ni aina nyingine tofauti, isiyopatikana popote ila kwenye kilima hicho kimoja.

Chura wa kupima mimba

Kitridi kilienea vipi hata kifike mabara karibu yote? Hapa ndipo taaluma yangu ya udaktari inapoingia kizimbani. Katika miaka ya 1930, huko Cape Town, Mwingereza Lancelot Hogben na watafiti wengine waligundua kwamba chura wa maji wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus laevis hutaga mayai akidungwa homoni fulani. Ikabainika kwamba hata mkojo wa mwanamke mja mzito una uwezo huo. Mwanamke alileta mkojo, chura akadungwa, na kabla ya siku moja kwisha jibu lilikuwa limeelea majini. Hospitali za Ulaya na Marekani ziliwatumia hadi miaka ya 1960, na maelfu kwa maelfu wakasafirishwa.

Chura huyu hubeba kitridi bila kufa nacho. Ndiyo maana mwaka 2004 baadhi ya wataalamu walisema maradhi yametoka Afrika. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2018 umeelekeza kidole kwingine: asili yake ni Asia ya mashariki, kwenye rasi ya Korea, na ilianza kutawanyika karne ya 20 kwa biashara ya vyura hai wa kuliwa, wa kufugwa na wa maabara. Afrika imesafishiwa jina. Biashara haijasafishwa.

Malaria

Sasa tuje kwa binadamu. Kiswahili kimewapa watoto wa chura na watoto wa mbu jina moja, viluwiluwi, na waliotunga jina hilo walikuwa na macho. Wote wanaogelea katika maji yale yale, wanagombania chakula kile kile, na wako viluwiluwi wa chura wanaowala wale wa mbu. Chura akikomaa hula wadudu.

Mwaka 2022 Michael Springborn na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Costa Rica na Panama. Walifuata lile wimbi la kitridi lililopita nchi hizo kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki tangu miaka ya 1980, kisha wakalilinganisha na kumbukumbu za malaria za kila wilaya. Baada ya vyura kuangamia, malaria ilipanda na kubaki juu kwa miaka kadhaa. Katika kilele chake ongezeko lilikuwa takriban mgonjwa mmoja zaidi kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Hicho si kiasi kidogo. Katika nchi hizo, mwaka wa mkurupuko mbaya ulikuwa na wagonjwa kati ya mmoja na wawili kwa kila watu 1,000.

Naomba nisieleweke vibaya. Utafiti huo haukufanywa Kisumu wala Kilifi, na mbu wetu si wale. Mtu asiache kulala ndani ya neti kwa kuwa amesikia chura akilia nje. Lakini wizara yoyote ya afya inayotumia fedha nyingi kwa dawa ya kupulizia ingefaa ijue ni nani mwingine anayeifanya kazi hiyo bila malipo.

Tumepoteza pia mengine ambayo hatutayajua. Kule Australia kulikuwa na chura ambaye mama yake alimeza mayai, akayaatamia tumboni, kisha akatapika watoto wakiwa hai. Muda wote huo tumbo lake lilikoma kutoa asidi. Kila juma napokea watu wenye vidonda vya tumbo na kiungulia wanaomeza vidonge ili kufanya jambo hilo hilo. Watafiti walikuwa wameanza tu kuchunguza kemikali iliyomwezesha, chura akatoweka. Aina zake zilikuwa mbili, na hakuna hata moja iliyoonekana porini baada ya mwaka 1985. Kitridi ndicho kinachoshukiwa.

Kwa bahati, chura yule wa kupima mimba bado yupo. Mwaka 1987 Michael Zasloff alishangaa kuona vidonda vya vyura aliowapasua vikipona katika maji machafu bila kuoza. Alipochunguza alipata ngozini mwao kemikali zinazoua bakteria. Katika zama hizi ambapo dawa nyingi za viuavijasumu zimeanza kushindwa, ngozi kama hiyo si kitu cha kuchezea.

Msomaji anayependa kupanda milima wakati wa likizo, Aberdare, Mlima Kenya au Taita, anaweza kuwa mchukuzi wa maradhi haya bila kujua, maana kitridi husafiri katika matope yaliyoshika kwenye viatu. Dawa yake ni rahisi. Viatu visuguliwe matope yote yatoke, kisha vianikwe juani hadi vikauke kabisa ndani na nje, kwa kuwa kuvu hii haistahimili ukavu. Anayetoka bonde moja kwenda jingine siku hiyo hiyo anaweza kutumia maji yenye jiki kwa viatu vyake, mradi asiyamwage karibu na kijito. Watoto wasihamishe vyura wala viluwiluwi kutoka mto mmoja hadi mwingine, hata kama ni kwa mradi wa sayansi shuleni. Na mtoto aliyemshika chura anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa chura, kama kuku, anaweza kuwa na bakteria za salmonela.